Raiffeisen, Mlezi wa Vyama vya Kukopeshana

Tunapotimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tumkumbuke mtu aliyewaonyesha wakulima wadogo njia ya kukopeshana wao kwa wao. Mtu huyo ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa tarehe 30 Machi, 1818, huko Hamm kando ya mto Sieg, Ujerumani. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Katika ujana wake aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa, naye akashika kazi ya serikali.

Mwaka 1845 alifanywa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch. Njaa ilipoingia majira ya baridi ya 1846 na 1847, aliwakusanya wenye uwezo wakatoa fedha. Nafaka ikanunuliwa, tanuri ikajengwa, na maskini wakapata mkate. Mwaka 1849, huko Flammersfeld, alianzisha chama cha kuwanunulia wakulima ng'ombe, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano, wasinaswe na wala riba.

Lakini vyama hivyo vilisimama juu ya huruma ya matajiri, na huruma hupoa. Kwa hiyo mwaka 1864, huko Heddesdorf, kanuni ikageuzwa: atakaye mkopo sharti kwanza awe mwanachama. Wote walidhaminiana kwa mali yao yote. Eneo la chama lilikuwa dogo, ili watu wajuane tabia. Viongozi hawakulipwa, ila mweka hazina tu; na faida ilitiwa katika akiba isiyogawanywa.

Raiffeisen aliona pia kuwa chama kimoja peke yake ni dhaifu: huku fedha zimelala, kule zimepunguka. Mwaka 1872 akaanzisha benki ya vyama huko Neuwied. Hermann Schulze-Delitzsch, aliyekuwa mlezi wa vyama vya mafundi wa mijini na mjumbe wa Bunge, aliipinga vikali, na mwaka 1876 ikabidi ifungwe. Raiffeisen hakukata tamaa. Mwaka huo huo aliunda hazina kuu kwa mfano wa kampuni ya hisa; na mwaka 1877 akaunda umoja wa kuvishauri vyama, kukagua hesabu zao na kuvisemea mbele ya serikali. Aliuongoza hadi kufa kwake, tarehe 11 Machi, 1888. Macho yake yalikuwa yamefifia mno, na binti yake Amalie ndiye aliyemsaidia kusoma na kuandika.

Mwaka uliofuata, 1889, sheria mpya ya Ujerumani ililazimisha vyama vya ushirika vikaguliwe.

Ndugu wanachama, mkaguzi ajapo tusimwone kama askari. Hesabu safi ndiyo nguvu ya msemaji wetu; chama chenye vitabu vichafu hakina wa kukitetea.