Jamaa aliyesahihisha Kimombo cha mfalme

Andika sentensi moja ya Kimombo mtandaoni, kitenzi kiteleze kidogo tu, halafu uone. Hakuna atakayejibu hoja yako. Utapigwa skrinshoti, utasambazwa kwa magrupu, na watu watasahau kabisa kwamba ulikuwa unalalamikia maji yaliyokatika mtaani. Kosa moja la sarufi linatosha kukunyamazisha.

Mchezo huu si wa juzi, na wala hatukuuanzisha sisi. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, huko huko Uingereza kwa wenye lugha, maskini walikuwa wakinyamazishwa vivyo hivyo. Mwaka wa 1793 wakazi wa Sheffield walipeleka ombi bungeni wakitaka watu wa kawaida wapate sauti katika uchaguzi. Waheshimiwa walilikataa. Sababu? Lugha yake, eti haikuwa na heshima. Hoja yenyewe haikuguswa.

Kuna jamaa mmoja aliyeuelewa mchezo huu vizuri, akaamua kuugeuza. Anaitwa William Cobbett.

Cobbett alizaliwa mwaka wa 1763 Farnham, mji mdogo kusini mwa Uingereza. Babu yake alikuwa kibarua wa mashamba. Babake alilima na kuendesha baa ndogo. Shule ya maana Cobbett hakuiona. Babake ndiye aliyemfunza kusoma na kuandika jioni za baridi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza ndege shambani, na alianza akiwa mdogo sana.

Akiwa na miaka kama 11 hivi alihepa nyumbani akatembea hadi Kew, karibu na London, kutafuta kazi katika bustani za mfalme. Njiani aliona kitabu kidogo dirishani mwa duka. Bei ilikuwa peni 3, na mfukoni alikuwa na peni 3 tu, pesa za chakula cha jioni. Akanunua kitabu. Kilikuwa cha Jonathan Swift, na mengi ndani yake hayakumwingia, lakini alikisoma kando ya rundo la nyasi mpaka giza likamfukuza. Alilala njaa na hakujutia.

Mwaka wa 1784 alijiunga na jeshi akapelekwa kambi ya Chatham. Kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri, mkubwa wa kambi alimpa kazi ya kunakili barua. Mkubwa huyo ndiye aliyegundua kuwa kijana anaandika vizuri lakini sarufi inamwangusha, akamshauri aisome.

Sasa hapa ndipo utaona mtu anavyosota. Cobbett alitafuta kitabu cha sarufi cha Robert Lowth, askofu aliyekitoa mwaka wa 1762. Kitabu hicho kilikuwa kinasaka makosa hata kwa vigogo kama Shakespeare na Milton. Cobbett alikinakili chote kwa mkono, si mara moja. Akakikariri chote. Alipopangiwa zamu ya ulinzi usiku, alitembea na bunduki begani huku akijisomea sarufi kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Dawati hakuwa nalo. Kiti chake kilikuwa ukingo wa kitanda, meza yake ubao juu ya mapaja. Mshumaa hakuweza kununua, kwa hivyo wakati wa baridi alisomea mwanga wa moto, na wenzake wakipiga kelele kando yake. Mshahara ulikuwa peni 6 kwa siku, na karibu zote ziliishia kwa chakula na matumizi ya kambini. Kununua kalamu au karatasi kulimaanisha kukosa dishi. Kuna wakati alikuwa ameficha nusu peni ya kununua samaki wa kukaushwa asubuhi. Usiku alipovua nguo akakuta nusu peni imepotea. Mwanajeshi mzima alijifunika shuka akalia kama mtoto.

Kwa nini ujitese hivyo kwa sababu ya vitenzi? Jibu lilikuja baadaye. Kikosi chake kilihamishiwa Kanada, na Cobbett akapanda cheo haraka hadi sajini meja. Maafisa waliokuwa juu yake, watoto wa matajiri walionunua vyeo, walimtegemea awaandikie ripoti. Na anayeandika ripoti ndiye anayeona vitabu vya hesabu. Akaona ganji ya wanajeshi inavyoliwa. Akanakili ushahidi kimyakimya.

Aliporudi Uingereza na kuacha jeshi mwaka wa 1791, aliwashtaki maafisa hao. Lakini kesi ilipokaribia alinusa kwamba mambo yamegeuzwa na yeye ndiye atakayebanwa, akahepa kwenda Ufaransa, kisha Marekani. Huko Philadelphia alijipatia riziki kwa kuwafundisha Kiingereza Wafaransa waliokimbia mapinduzi ya kwao. Mwaka wa 1795 akawaandikia kitabu cha sarufi. Fikiria hapo: mtu ambaye hakusoma shule, anafunza kwa kitabu chake mwenyewe.

Mwaka wa 1802, akiwa amerudi kwao, alianzisha gazeti la kila wiki, Political Register. Mwanzoni lilikuwa upande wa serikali. Kadiri alivyoona hali ya vibarua wa mashambani, akabadilika. Mwaka wa 1809 aliandika kwa hasira kuhusu wanajeshi waliochapwa viboko kwa kulalamikia pesa walizokatwa. Serikali ikamfunga miaka 2 katika gereza la Newgate na kumtoza faini ya pauni 1,000. Alipotoka hakunyamaza. Mwaka wa 1816 alitoa toleo la bei rahisi, peni 2, likawa linasomwa kwa sauti kwenye baa ili hata asiyejua kusoma asikie. Mwaka uliofuata bunge lilisimamisha sheria inayozuia mtu kufungwa bila kesi. Cobbett akajua kinachomsubiri. Akapanda meli tena, akakodi shamba Long Island, New York.

Ni katika shamba hilo alipoandika kitabu kinachotuleta hapa: sarufi ya Kiingereza, iliyotoka mwaka wa 1818. Aliiandika kama barua kwa mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 14 hivi. Lakini alitangaza wazi aliowalenga: wanajeshi, mabaharia, vijana wanaojifunza kazi za mikono, na vijana wa jembe. Yaani watu wa aina yake.

Alichofanya ndani ni cheki. Vitabu vingine vya sarufi vilimcheka mtu wa kawaida anavyoongea. Cobbett hakuielekeza dharau yake kwa maskini. Alichukua maandishi ya Samuel Johnson, yule mtunzi wa kamusi maarufu, akaorodhesha makosa yake. Kisha akachukua hotuba ambazo mfalme husomewa au husoma bungeni, akazipitia sentensi kwa sentensi. Baadaye aliongeza masomo 6 ya kuwafunza viongozi wasiharibu lugha. Mifano ilitoka kwa Spika wa bunge, kwa mwana wa mfalme aliyeshikilia kiti cha babake mgonjwa, kwa waziri Castlereagh, kwa jenerali Wellington aliyempiga Napoleon, kwa Wellesley ndugu yake Wellington, na kwa askofu. Hao wote walipata elimu ya gharama. Kama wao wanakosea, kijana wa jembe aone aibu ya nini?

Na makosa aliyoyasaka bado yako nasi. Tuangalie 3, mifano ni yangu.

La kwanza, kitenzi kumfuata jirani badala ya mwenyewe. "The number of matatus on this road are increasing." Sikio limedanganywa na "matatus". Lakini kinachoongezeka ni "number", nayo ni moja. Andika "is increasing".

La pili, kubadilisha idadi katikati ya safari. "The committee has met and they have decided." Kamati ilianza ikiwa moja, ikafika mwisho ikiwa watu wengi. Cobbett hakuwa na shida uchague umoja ama wingi, bora ushikilie ulichochagua.

La tatu ndilo alilolichukia kuliko yote: kale kaneno "it". Angalia: "When the cup hit the plate, it broke." Nini kilivunjika? Huwezi kujua. Sisi wa Kiswahili tunajua mara moja, kwa sababu ngeli zinasema: kilivunjika ni kikombe, ilivunjika ni sahani. Kiingereza hakina msaada huo, kwa hivyo mwandishi lazima arudi na kujiuliza "it" yake inaelekea wapi. Ukikosa jibu, rudia jina lenyewe.

Hilo la tatu ndilo linaloonyesha Cobbett alikuwa anatafuta nini. Kwake kosa halikuwa doa la kuchekelea. Sentensi isiyojulikana nani amefanya nini ni mahali pazuri pa kuficha kitu. Mtu aliyewahi kuona pesa zikipotea ndani ya vitabu vya kikosi hawezi kusoma hotuba ya mkubwa bila kuuliza: hapa anayesemwa ni nani, na kilicholipwa ni nini?

Tusimtakase lakini. Cobbett aliandika mambo mabaya sana kuhusu watu weusi na Wayahudi, na aliwashambulia waliopigania kukomesha utumwa, akidai wanasahau vibarua wa Uingereza. Mtu aliyejua uchungu wa kudharauliwa aliweza kudharau wengine bila kupepesa jicho. Kalamu yake tuichukue, chuki yake tumwachie.

Alirudi Uingereza mwaka wa 1819. Mwaka wa 1832, baada ya sheria ya uchaguzi kubadilishwa, watu wa Oldham walimchagua mbunge. Alikuwa na miaka 69. Mtoto aliyefukuza ndege akaingia ukumbi uleule aliokuwa akisahihisha hotuba zake. Alifariki Juni 1835 na akazikwa Farnham, alikozaliwa.

Kwetu sisi tulioacha chuo katikati, na kwa yeyote aliyewahi kufuta posti kwa kuogopa "grammar police", mafunzo yake ni rahisi. Soma sarufi, kwa sababu ni chombo na haiulizi cheti. Ila angalia unaielekeza wapi. Mama anayeuliza dawa zimeenda wapi hospitalini, hata ng'eng'e yake ikiyumba, mjibu swali lake. Kalamu nyekundu iwekee ile taarifa ndefu kutoka ofisi kubwa, yenye "it" na "they" kibao, usiyeweza kujua nani alitia sahihi na nani alilipwa.