Shaaban Robert: Mwandishi wa Maisha ya Kweli

Jina la marehemu Sheikh Shaaban Robert linapotajwa katika kumbi za mihadhara, aghalabu fikra za wasikilizaji hukimbilia Kusadikika, Adili na Nduguze au mashairi yake. Ni haki iwe hivyo, kwani kazi hizo ndizo zilizompa sifa iliyoenea Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, upo upande mwingine wa uandishi wake ambao haujapewa nafasi unayostahili, nao ni nathari ya maisha ya kweli. Katika tawasifu yake na katika wasifu aliomwandikia mtu mwingine, mtunzi huyu alikabili swali linalomkabili kila anayeandika katika utanzu huu: jambo lililotokea litasimuliwaje kwa ufundi wa fasihi bila ya ukweli wake kuharibika?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na elimu yake ya shule ikakomea hapo. Mwaka huo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha, akatumikia vituo vya pwani, Pangani kikiwamo, hadi mwaka 1944. Kwa miaka 18 kazi yake ya mchana ilikuwa kuandika kilichopo, si kinachotamaniwa: shehena iliyoingia, shehena iliyotoka, na ushuru uliolipwa. Kazi yake ya usiku ilikuwa kutunga. Mikono hiyo miwili, wa karani na wa mshairi, ndiyo iliyokuja kushika kalamu moja alipoanza kuandika juu ya maisha.

Si kweli kwamba aliikuta nyanja hiyo ikiwa tupu. Hamed bin Muhammed, aliyefahamika zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa amekwisha simulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa ameandika desturi za watu wa pwani. Katika mwaka 1934, James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa, akitegemea habari za watu waliookolewa utumwani, babaye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Lakini Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mkubwa aliyesimulia safari, vita na pembe za ndovu. Mtoro alieleza mila za umma. Naye Mbotela alihifadhi historia ya jamii iliyoteswa. Nafsi ya mtu mmoja wa kawaida, pamoja na huzuni na haya zake, ilikuwa bado haijapata mwandishi wake.

Nafsi hiyo ilipata mwandishi katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Aliyesimuliwa humo hakuwa sultani wala shujaa wa vita, bali karani Mwafrika chini ya serikali ya kikoloni, mtu wa kuhamishwa kituo hadi kituo kwa amri ya wakubwa. Kwa kujiona anastahili kuandikwa, Shaaban Robert alitoa hoja nzito bila ya kuitangaza: kwamba maisha ya mtu mdogo mbele ya serikali si madogo mbele ya fasihi. Alieleza safari zake za kikazi na dharau aliyokutana nayo njiani kwa sababu ya rangi yake, na akaieleza kwa sauti ya utulivu. Utulivu huo usidhaniwe kuwa woga. Mwandishi anayepiga kelele humwachia msomaji kazi ya kumtuliza. Anayesema polepole humwachia kazi ya kukasirika kwa niaba yake.

Pigo kubwa katika tawasifu hiyo ni kifo cha mkewe wa kwanza, Amina. Hapo ndipo ufundi wake unapodhihirika. Alimlilia kwa shairi, na shairi hilo akalitia ndani ya masimulizi. Katika kitabu hichohicho zimo tenzi alizowaachia wanawe, wa kike na wa kiume, ziwe wosia wa baba. Kwa msomaji aliyezoea mipaka ya tanzu, mchanganyiko huo waweza kuonekana kuwa fujo. Kwa hakika ulikuwa uaminifu. Mswahili wa pwani hakuwa akilia kwa nathari. Msiba, mawaidha na mapenzi vilikuwa na lugha yake ya vina na mizani. Kuandika maisha hayo bila ya ushairi kungekuwa ni kuyapunguza.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa kuandika maisha ya mwingine. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya kimaskini ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Alihamia mjini, akajifunza uimbaji, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Sauti yake ilivuma, lakini kejeli nazo zilivuma: alichekwa kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Yeye hakupata elimu ya shule. Alikuwa na sauti ya kujibu, hakuwa na kalamu. Shaaban Robert alikutana naye na kumhoji katika siku zake za mwisho, kabla hajafariki Julai 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa mwaka 1958.

Laiti mazungumzo hayo yangecheleweshwa, maisha ya bibi huyo yangebaki mikononi mwa wasengenyaji na wasifiaji. Mwandishi hakuuficha umaskini wa Siti wala kuupamba. Aliufanya kuwa ngazi ya kupimia kimo alichokifikia. Hata hivyo, mapenzi yake kwa maadili yalikuwa na gharama. Msomaji wa leo huenda akatamani kuiona zaidi hasira ya Siti, mashaka yake na makosa yake, badala ya mfano mwema ambao mwandishi hachoki kuurejea. Penye sifa nyingi, mtu hugeuka sanamu. Ni kasoro ya kujifunza, kwa maana kila mwandishi wa wasifu humtazama mhusika wake kupitia dirisha la imani yake mwenyewe.

Miaka ya baadaye, baada ya kutumikia idara ya wanyama huko bara, Shaaban Robert alirudi Tanga na kufanya kazi katika ofisi ya jimbo na hatimaye katika idara ya upimaji hadi mwaka 1960. Alijumuika katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akapata nishani ya MBE, na akajaribu kuchapisha mwenyewe baadhi ya vitabu vyake. Aliendeleza tawasifu yake kwa Baada ya Miaka Hamsini. Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akazikwa kijijini kwao. Kazi zake kadhaa zilichapishwa akiwa kaburini.

Mwaka 2002, barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilitolewa kitabu. Humo anaonekana mtu wa jamaa na mahitaji ya kila siku, akiandika pasipo kujua kwamba umma ungekuja kumsoma. Anayezilinganisha barua hizo na tawasifu hapati uongo, anapata uteuzi. Baadhi ya mambo aliyaona yanafaa kwa macho ya ndugu peke yake, na mengine akayatoa hadharani baada ya kuyapima. Hapo ndipo ulipo ugumu wa utanzu huu, na ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopaswa kuanzia: kujua kwamba mwandishi wa maisha ya kweli hana ruhusa ya kubuni tukio, lakini hana budi kuchagua, na kwa kila alichokiacha ana jukumu sawa na kwa kila alichokiandika.