Srinivasa Ramanujan

Srinivasa Ramanujan (Erode, Uhindi, 22 Desemba 1887 - 26 Aprili 1920) alikuwa mwanahisabati wa Uhindi aliyejulikana hasa kwa kazi zake katika nadharia ya namba. Nyingi kati ya kazi hizo alizichapisha akiwa mwanafunzi na mtafiti huko Cambridge, Uingereza.

Maisha ya awali

Alikulia Kumbakonam katika familia ya Kibrahmani yenye kipato kidogo. Alipopewa ufadhili wa masomo chuoni alizama katika hisabati na kuyaacha masomo mengine, hivyo akafeli mitihani na kupoteza ufadhili huo. Mwaka 1912 aliajiriwa kuwa karani wa bandari ya Madras (leo Chennai). Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, barua yenye kanuni nyingi zisizo na uthibitisho. Hardy alitambua kipaji chake akamwalika.

Maisha ya Cambridge

Kwa Wabrahmani wengi wa wakati ule kuvuka bahari kulikuwa mwiko, lakini Machi 1914 Ramanujan alisafiri, akimwacha mke wake Janaki nyumbani. Kwa kuwa hakula nyama, alijipikia chumbani badala ya kula na wenzake katika ukumbi wa Chuo cha Trinity. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na vyakula alivyohitaji vikawa adimu. Baridi nayo ilimtesa: alilala juu ya mablanketi yaliyotandikwa, bila kujua kwamba yalikuwa ya kujifunika, hadi P. C. Mahalanobis, mwanafunzi mwenzake kutoka Uhindi, alipomwonyesha.

Darasani pia alikuwa na la kujifunza. Alizoea kuona jibu kabla ya njia. Hardy alimzoeza kuandika uthibitisho bila kumvunja moyo. Mwaka 1916 alipata shahada kwa utafiti wake. Mwaka 1918 wawili hao walichapisha fomula ya kukadiria idadi ya njia za kuigawa namba kuwa jumla. Kwa mfano, 4 ina njia 5: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1 na 1+1+1+1.

Ugonjwa na kifo

Mwaka 1917 aliugua sana akalazwa mara kadhaa. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, kisha Mhindi wa kwanza kuwa mwanazuoni mwanachama wa Trinity. Alirudi Uhindi mwaka 1919 akiwa bado mgonjwa, akafariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 32. Uhindi huadhimisha tarehe yake ya kuzaliwa kama Siku ya Kitaifa ya Hisabati.