Andrew Foster, mmisionari kiziwi aliyewaweka viziwi mbele ya darasa

Kila mwaka tarehe 3 Desemba ulimwengu unaadhimisha siku ya watu wanaoishi na ulemavu. Umoja wa Mataifa uliiweka siku hiyo mwaka wa 1992. Kwetu sisi wa mashariki tarehe hiyo ina habari nyingine, ambayo wengi hawaijui. Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo ilianguka karibu na Gisenyi, Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Ndani yake alikuwamo Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 62, mmisionari, kiziwi tangu utoto wake. Jina lake Andrew Foster. Viziwi wengi wa Afrika wanamwita baba wa elimu yao.

Katika makanisa yetu tunayajua majina ya wamisionari waliokuja na dawa, na ya wale waliotafsiri Biblia. Huyu hatumtaji. Pengine ni kwa sababu watu aliowatumikia wanakaa kwenye benchi la nyuma, na ibada ikiisha wanaondoka bila kusalimiwa na mtu. Tunaandika habari zake leo kwa sababu hiyo.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, Birmingham, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Alipokuwa na miaka 11 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwao, na yeye pamoja na ndugu yake wakapoteza uwezo wa kusikia. Kuwa mtoto mweusi Alabama wakati ule kulikuwa mzigo mzito, maana sheria ilitenga weusi na weupe shuleni, kwenye magari, hata mahali pa kunywa maji. Sasa juu ya mzigo huo ukaongezwa wa pili. Alipelekwa Talladega, kwenye shule ya watoto weusi viziwi na vipofu, ambako masomo hayakupita darasa la sita. Mwenye kutaka zaidi hakuwa na mahali pa kwenda.

Akiwa kijana alihamia kwa jamaa yake Michigan, kaskazini. Huko alimpokea Kristo, na huko moyo wa utumishi ukaanza kumsumbua. Alisoma mambo ya biashara katika chuo kimoja cha Detroit, na masomo ya sekondari akayamaliza kwa njia ya posta mwaka wa 1951. Tukumbuke kwamba alikuwa mtu mzima wa miaka 26, akiandika mazoezi peke yake na kungoja barua irudi.

Kulikuwa na chuo kimoja tu cha juu duniani kwa ajili ya viziwi, Gallaudet, mjini Washington. Foster aliomba nafasi, akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Hakuacha kuomba. Jambo hili linatuuma tukilitafakari: chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu waliofungiwa milango kwingine, nacho kilikuwa na mlango wake wa kufunga. Mwishowe kilimpokea, na mwaka wa 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Aliongeza shahada ya juu ya ualimu wa watoto wenye ulemavu huko Michigan, kisha akasoma mambo ya umisionari huko Seattle.

Katika miaka hiyo ya masomo alijifunza kwamba shule za viziwi katika bara lote la Afrika zilihesabika kwa vidole. Mwaka wa 1956 akaanzisha shirika lake, Christian Mission for the Deaf, na mwaka wa 1957, mwaka ule ule Ghana ilipopata uhuru, akafika Accra.

Aliambiwa nini alipofika? Kwamba viziwi hawapo. Watu wazima wenye akili zao walimhakikishia kwamba huku watoto wa namna hiyo hawaonekani. Na kweli hawakuonekana, kwa sababu walikuwa ndani ya nyumba. Mzazi aliona aibu, au aliogopa maneno ya majirani kwamba ukoo umelaaniwa, au hakuona faida ya kumtoa nje mtoto ambaye hawezi kuitika. Ndugu zetu, sisi wenyewe tumeingia katika nyumba za waamini, hata za wazee wa kanisa, tukakunywa chai na kuomba na kubariki jamaa, na baadaye tukaja kusikia kwamba katika chumba cha nyuma kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hatukuonyeshwa. Mtoto huyo huitwa bubu, na mara nyingi jina lake la ubatizo limesahaulika. Pengine hata hakubatizwa.

Foster hakubishana na waliomwambia viziwi hawapo. Aliazima madarasa ya shule ya Wapresbiteri mtaa wa Osu, saa ambazo wanafunzi wa kawaida wamekwisha kwenda nyumbani, akafungua mlango. Walianza wanafunzi wachache, watoto kwa watu wazima. Haukupita muda mrefu orodha ya waliokuwa wakingoja nafasi ikapita mia tatu. Mwaka wa 1959 shule ikahamia kilimani Mampong-Akuapem, ikawa ya bweni, na baadaye serikali ya Ghana ikaichukua mikononi mwake.

Hapa inatupasa kueleza jambo moja la ufundi, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kazi yake. Mwaka wa 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji wa Milan, Italia, wakaamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo na kutazama midomo ya mwalimu, na lugha ya ishara iondolewe shuleni. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wenye kusikia. Baada ya uamuzi huo walimu viziwi walipoteza kazi katika nchi nyingi, na watoto waliadhibiwa kwa kuongea kwa mikono. Fundisho hilo lilitawala karibu miaka mia moja, na lilifika Afrika pamoja na watu wa Ulaya. Mtoto aliweza kukaa miaka mingi akijifunza kutamka maneno machache tu, na wakati huo wote asijue kusoma, asijue hesabu, wala asijue Yesu ni nani.

Foster alifanya kinyume. Alifundisha kwa ishara, pamoja na kusoma na kuandika, na kama mtoto aliweza kutumia mdomo, basi na mdomo pia. Kwake ilikuwa hesabu rahisi: roho haiwezi kungoja ulimi ufunguliwe. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia, na kuna wahubiri ambao wamelichukua neno hilo vibaya, kana kwamba kiziwi amefungiwa nje ya Injili. Foster alijibu kwa kazi yake. Kiziwi akipewa lugha, amesikia.

Lakini kwa maoni yetu jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake ni lingine. Popote alipofungua shule, alimweka kiziwi mbele ya darasa. Kijana aliyemaliza masomo kidogo alichukuliwa, akafundishwa ualimu na Biblia, kisha akarudishwa kwao kuwa mwalimu, mkuu wa shule, mhubiri, mkubwa wa chama. Baadhi walisaidiwa kufika hata Gallaudet. Wakati ule, na hata leo, mazoea ya watu wema yalikuwa kwamba mwenye kusikia anaongoza na kiziwi anashukuru. Serikali zilimwona kiziwi kama mtu wa kusaidiwa, na makanisa yalimwona kama mtu wa sadaka ya Noeli. Foster alikuwa kiziwi mwenyewe, kwa hiyo hakuweza kukubali. Alisafiri kwenda kwa mawaziri na maofisa wa elimu akiomba idhini na majengo, na walipomtazama waliona mbele yao mtu ambaye hasikii na ambaye ana shahada tatu. Hiyo ilikuwa hoja kabla hajaanza kujieleza.

Na mtoto aliyeona mwalimu wake ni kiziwi kama yeye alijua kitu ambacho hakuna mahubiri yanayoweza kumfundisha. Tumewahi kukutana na vijana viziwi ambao walidhani kwamba viziwi hufa wote wakiwa watoto, kwa sababu hawajawahi kumwona mkubwa.

Kutoka Ghana alikwenda Nigeria, akafungua shule Ibadan, Enugu na Kaduna. Kisha kazi ikaenea katika nchi zinazotumia Kifaransa: Togo, Benin, Côte d'Ivoire, Chad, Senegal, Kamerun, Afrika ya Kati, Burkina Faso, Gabon, jirani zetu Burundi, na nchi yetu wenyewe, wakati ikiitwa Zaire. Shule zaidi ya thelathini katika nchi 13. Nyingi zilianza kimasikini kabisa, katika jengo la kanisa au nyumba ya kukodi, ubao mmoja na mwalimu mmoja. Kwa nchi za Kifaransa aliandaa mafunzo ya walimu, na kutoka humo ikakua lugha ya ishara ambayo viziwi wa nchi nyingi wanaishiriki: ishara zenye asili ya Marekani, na midomo inayofuata Kifaransa. Viziwi wengi waliosoma Kongo wanaitumia. Mwenye kusikia kutoka Bukavu akifika Cotonou huenda akahitaji mtafsiri kwa lugha za huko. Kiziwi aliyesoma anaweza kuanza mazungumzo siku ile ile.

Hatutaki kumfanya malaika. Ishara alizozileta zilikuwa za Marekani, na Afrika haikuwa bila ishara. Si mbali na Mampong kuna kijiji kinachoitwa Adamorobe, ambamo kwa vizazi vingi wamezaliwa viziwi wengi kuliko kawaida, na wanakijiji, wenye kusikia pamoja nao, wana lugha yao ya ishara ya zamani. Watoto wa kijiji hicho walipoanza kupelekwa shule ya bweni walirudi na ishara za shule, na leo lugha ya wazee wao inafifia. Sisi tunaosema Kishi, Kinande, Kihunde na lugha nyingine za nyumbani tunajua uchungu wa jambo hilo. Foster alikuwa na haraka. Alikuwa na lugha iliyokwisha kuwa na vitabu na walimu, akaitumia. Tunamwelewa, ila hasara ilikuwako, na viziwi wa Afrika wenyewe leo wanaijadili.

Mwaka wa 1961 alimwoa Berta, Mjerumani, kiziwi kama yeye, ambaye walikutana katika mkutano wa dunia wa viziwi uliofanyika Ujerumani mwaka wa 1959. Mungu aliwajalia watoto watano. Maisha yao hayakuwa mepesi. Kila mwaka baba alikuwa Afrika miezi mingi, kisha akarudi Marekani kuzunguka katika makanisa na vyama vya viziwi akitafuta fedha za mishahara ya walimu. Kazi hiyo ya kuomba fedha haiandikwi sana katika maisha ya watumishi wa Mungu, lakini wachungaji wanaosoma hapa wanajua inavyochosha. Mwaka wa 1970 Gallaudet ilimpa udaktari wa heshima.

Alikuwa bado katika safari za namna hiyo ndege ilipoanguka mwaka wa 1987. Shirika lake halikuzikwa pamoja naye. Berta na wenzake waliendelea kulishika, na shule nyingi zilikuwa tayari mikononi mwa viziwi aliowalea, ambao hawakuhitaji kungoja mgeni mwingine atoke Marekani. Mwaka wa 2004 Gallaudet ilikipa ukumbi wake mmoja jina la Andrew Foster.

Mwaka huu tarehe 3 Desemba tutapenda kuchapisha habari za parokia zetu. Kama kwenu kuna kiziwi anayefundisha shule ya Jumapili, anayeongoza kikundi, au aliyechaguliwa kuwa shemasi, mtuandikie habari zake kwa ruhusa yake. Kama hayupo, mtuandikie pia: kuna viziwi wangapi katika mtaa wenu, wanakaa wapi wakati wa ibada, na nani anawatafsiria. Wale ambao hawajui idadi waanze kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, na wasiridhike na jibu la kwanza.