Jenner, ng'ombe na kadi ya kliniki ya mwanao

Mzazi wa Mbulu au Hanang, kama unafuga, habari za daktari huyu zitakugusa, maana ugunduzi wake ulianzia zizini.

Edward Jenner alizaliwa Mei 17, 1749 huko Berkeley, Uingereza. Akiwa na miaka mitano tu, alikwisha kuwa yatima wa baba na mama. Alipofikia miaka minane hivi alipewa kinga ya ndui ya zama hizo: usaha wa mgonjwa uliingizwa kwenye ngozi iliyochanjwa. Njia hiyo iliokoa wengi, lakini iliua baadhi yao na iliweza kuambukiza majirani.

Alipokua akawa tabibu kijijini kwao. Wafugaji walijua kwamba mkamua maziwa aliyepata ndui ya ng'ombe, yenye malengelenge machache mikononi, hapati ndui ya binadamu. Jenner akawasikiliza. Mei 14, 1796 alichukua majimaji ya lengelenge mkononi mwa mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka minane. Wiki kadhaa baadaye akamtia usaha wa ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. Leo jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa.

Andiko lake la kwanza lilikataliwa na wasomi, akalichapisha mwenyewe mwaka 1798. Wapo waliomdhihaki kwa michoro ya watu wanaoota ng'ombe mwilini. Hata hivyo hakuuficha ujuzi wake; maskini aliwachanja bure kwenye kibanda cha bustanini kwake. Alifariki Januari 26, 1823.

Baada yake sheria zikafuata. Uingereza ililazimisha chanjo kwa watoto wachanga mwaka 1853, na mwaka 1898 ikaruhusu mzazi kukataa kwa sababu ya dhamiri. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza kuidai kwa wanafunzi mwaka 1855. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu.

Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu chanjo kuwa sehemu ya matibabu ambayo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto. Kwa hiyo mwalimu akikuuliza kadi ya kliniki, usione anakusumbua. Itazame mapema. Chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya pili husahaulika kirahisi, hasa familia inapohama na mifugo. Kama ilipitwa, nenda zahanati yoyote au subiri huduma ya mkoba. Mtoto ataendelea alipoishia, haanzi upya.

Je, wapo wanaosamehewa? Wapo. Mtoto aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, au ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, huenda asipewe baadhi ya chanjo. Uamuzi huo ni wa mtaalamu baada ya kumpima. Mafua au kikohozi kidogo si sababu.

Mtoto huyo aliyesamehewa anaweza kuketi dawati moja na wako. Surua ikiingia darasani, kinga yake ni wenzake waliochanjwa. Mpeleke wako.