Wangila: Bingwa wa Seoul Aliyeondoka na Miaka 26

Mwezi huu mtukufu mabaraza yetu hujaa baada ya taraweh, na ukipita Likoni, Kisauni ama Changamwe utawakuta vijana wakibishana mpira wa Ulaya mpaka saa ya daku. Leo hebu niruhusu nikutoe kwenye mpira kidogo nikupeleke kwenye ndondi, kwa Mkenya mmoja ambaye wadogo zetu hawamjui kabisa, na wakubwa wakimkumbuka basi wanamkumbuka kwa siku moja tu. Naye ni Robert Napunyi Wangila. Nimemchagua kwa sababu alikuwa bingwa wa kweli, na kwa sababu alisilimu, na mengi yaliyotokea baada ya kufa kwake yanatuhusu sisi.

Wangila alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967. Wakati huo anakua, Kenya haikuwa nchi ya wakimbiaji peke yake kama unavyodhani. Ndondi nazo zilikuwa na jina. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972, na kule Mexico akapewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki. Yaani hakupata dhahabu lakini wakasema yeye ndiye fundi! Baadaye alikwenda Japani akapigana ngumi za kulipwa. Halafu Kenya ikasusia Olimpiki mbili mfululizo, 1976 na 1980, na mabondia wetu waliokuwa katika nguvu zao wakabaki nyumbani. Tuliporudi Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali akapata shaba katika uzani wa fly. Dhahabu ndiyo iliyokuwa haijaonekana.

Agosti 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi, pale Kasarani, na timu yetu ya ndondi, ile waliyoiita Hit Squad, ikachukua dhahabu 8 kati ya 12. Moja ilikuwa ya Wangila, uzani wa welter, ambao kwenye ngumi za ridhaa za wakati ule ulikuwa unaishia kilo 67. Si mtu mkubwa, ndugu yangu. Ukimuona feri hungemtazama mara mbili.

Mwaka uliofuata wakaenda Seoul, Korea Kusini. Mashindano yale yana sifa mbaya mpaka leo kwa ajili ya waamuzi. Roy Jones wa Marekani alimpiga Mkorea Park Si-hun vilivyo katika fainali, kisha ushindi akapewa Mkorea, na dunia nzima ikashangaa. Sasa Wangila yeye hakuwaachia waamuzi kazi yoyote. Fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na katika raundi ya pili akamuangusha kwa nokauti. Mambo yakaisha hapo. Kijana wa miaka 21 akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, na mpaka ninapokuandikia hakuna Mkenya wa pili. Kenya ilirudi na dhahabu 5 kutoka Seoul: nne ni za riadha, za Ereng, Rono, Kariuki na Ngugi, na ya tano ndiyo yake.

Baada ya hapo aliingia ngumi za kulipwa na kuhamia Marekani. Hapa sitakuchosha. Alikuwa na konde zito na alishinda mapambano mengi, lakini kujikinga hakukuwa sifa yake, na mkanda wa dunia hakuupata. Yule Boudouani aliyemlaza Seoul ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, mwaka 1996. Wakati huo Wangila alikuwa kaburini miaka miwili.

Tofauti ya ngumi hizi mbili ni lazima uielewe. Seoul walipigana raundi tatu za dakika tatu tatu, jumla dakika 9, tena wamevaa kofia ya kukinga kichwa. Ngumi za kulipwa hazina kofia, na pambano la raundi kumi ni dakika 30 za kupigwa. Zamani ubingwa wa dunia ulikuwa raundi 15. Zilipunguzwa hadi 12 baada ya Mkorea Kim Duk-koo, bondia wa uzani mwepesi, kupigana na Ray Mancini Las Vegas mwezi Novemba 1982 mpaka raundi ya 14, akaanguka na kufa siku chache baadaye. Yaani sheria ilingoja mtu afe ndiyo ibadilike.

Basi tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas hiyohiyo, Wangila alipanda ulingoni na David Gonzalez. Raundi ya tisa refa Joe Cortez akasimamisha pambano kwa kuona anaumia. Wangila akalalamika, akitaka aachwe aendelee. Alitoka kwa miguu yake mpaka chumba cha kubadilishia nguo, kisha akapoteza fahamu. Akapasuliwa kichwa hospitalini, lakini tarehe 24 ajali yake ikafika. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Alikuwa hajatimiza miaka 27.

Usishangae kwamba alitembea. Mtu akipigwa kichwani mshipa mdogo huweza kupasuka chini ya fuvu, damu ikavuja polepole na kuubana ubongo. Kwa muda anaongea, anabisha, anasema niko sawa. Kwa hivyo wewe unayefanya mazoezi, na wewe mzazi, mtoto akirudi akisema kichwa kinamuuma sana, anatapika au anasinzia ovyo, usimwambie akalale. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Utaniuliza, na dini inasemaje? Mtume (S.A.W.) alikataza kumpiga mtu usoni, na Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokutana Makka Oktoba 1987 lilitoa uamuzi kwamba ndondi za namna hii ni haramu, kwa kuwa lengo lake ni kumdhuru mwenzako. Angalia tarehe: ni miezi miwili tu baada ya dhahabu zile za Kasarani. Najua wako ndugu zetu Waislamu wengi ulingoni, na wengine watasema mazoezi yanawatoa vijana kwenye unga na uvivu. Kufanya mazoezi sawa, hilo sina neno nalo. Kulipwa ili umzimishe mwenzako, hapo mimi niko na maulamaa.

Lakini lililonigusa zaidi ni mazishi. Wangila alikuwa amesilimu, na mwili uliporudi Kenya watu wake wakavutana, hawa wakitaka azikwe Kiislamu na hawa Kikristo, wakafikishana mahakamani. Maiti anangoja, na sisi tunajua haki yake ni kuharakishwa: aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe.

Tunao wengi mtaani kwetu waliosilimu, wenye mama na ndugu wasio Waislamu huko bara. Elewa kwamba kesi ya namna hii haendi nayo mtu kwa Kadhi, kwa sababu mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale pande zote ni Waislamu. Itasikilizwa mahakama ya kawaida, na huko ushahidi ndio utakaosema. Cheti cha kusilimu kutoka msikitini kiko wapi? Wasia je? Mtume (S.A.W.) ametuusia mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili bila ya wasia wake kuandikwa. Andika unataka kuzikwa vipi, weka mashahidi, na umwambie mama yako kwa upole ukiwa hai. Na kwa kuwa mama asiye Muislamu harithi kwako, unaweza kumuusia katika theluthi ya mali yako, asije akabaki mikono mitupu. Imamu wa msikiti wako atakusaidia kuandika, haichukui zaidi ya jioni moja.

Allah amrehemu Wangila.