SOL PLAATJE: MHARIRI ALIYEPANDA BAISKELI

Wenzangu, Solomon Plaatje alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1876. Shuleni hakufika mbali, lakini lugha alizijua nyingi ajabu. Alikuwa tarishi wa posta mjini Kimberley, kisha mkalimani wa korti huko Mafikeng. Mji huo ulipozingirwa vitani, 1899 hadi 1900, aliwapigia taipu waandishi wa habari wa kigeni, naye mwenyewe akiandika shajara. Haukupita muda mrefu, akawa mhariri wa Koranta ea Becoana, gazeti la Kitswana na Kiingereza.

Mwaka wa 1913 sheria mpya iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 tu ya ardhi. Plaatje hakungoja habari zimfikie ofisini. Alipanda baiskeli akaenda kuziona familia zilizofukuzwa, zikitangatanga na mifugo yao. Aliyoyaona akayatia katika kitabu, Native Life in South Africa, kilichotoka mwaka wa 1916. Sheria yenyewe haikufutwa hadi 1991, naye alikuwa amefariki tangu 1932.

Kumbe hata Shakespeare alimtafsiri kwa Kitswana, kitabu kikatoka mwaka wa 1930, kabla ya Mwalimu Nyerere kumleta kwa Kiswahili! Na sisi tunaona haya kuongea Kiswahili uwanjani. Kisa na maana?